Bastola Inapokwama Kulisha Risasi: Soma Alama Kabla ya Kulaumu Silaha

Bastola ya nusu otomatiki inapokwama, wapigaji wengi huvuta slaidi, yaani sehemu ya juu ya bastola inayokwenda nyuma na mbele, kwa nguvu, risasi iliyogoma ikaruka na kupotea chini, kisha wakaendelea kupiga kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa kufanya hivyo wanatupa ushahidi walio nao, kwa sababu risasi iliyokwama hubeba alama za kitu kilichoikwamisha, na mara nyingi alama hizo hueleza zaidi ya saa nzima ya kuifungua silaha mezani. Risasi hiyo hiyo pia huenda imeumia wakati wa kukwama, kiasi kwamba kuirudisha kwenye magazini, yaani kisanduku kinachobeba risasi, ni hatari kuliko hitilafu yenyewe.

Bastola iliyokwama ihesabiwe kuwa ina risasi chemba, yaani kwenye tundu la nyuma ya mtutu risasi inamokaa kabla ya kufyatuliwa, na iko tayari kufyatuka, hata kama unaona kwa macho kwamba slaidi haijafunga. Elekeza mtutu upande salama, toa kidole kwenye kifyatulio, kisha tazama kwanza bila kugusa kitu: kichwa cha risasi kimegota wapi, slaidi imesimama umbali gani, na je, kuna ganda tupu ndani? Baada ya hapo vuta slaidi nyuma na uizuie ibaki hapo, toa magazini, na uiondoe risasi. Usizibe tundu la kutolea maganda kwa kiganja ili kuidaka risasi inapotoka, kwa kuwa fataki, yaani kidonge cha kuwashia baruti kilicho kwenye kitako chake, inaweza kugonga chuma kinachorushia maganda, na risasi ikalipuka mkononi nje ya chemba, mahali ambapo hakuna kinachozuia vipande vya ganda.

Ili kuelewa alama, ni vyema kuikumbuka safari yenyewe. Slaidi inaporudi mbele husukuma kitako cha risasi ya juu kabisa kwenye magazini. Kichwa chake hupanda mteremko mfupi ulio chini ya mdomo wa chemba. Midomo ya magazini, yaani kingo za juu zinazoishika risasi, huiachia. Na katika bastola nyingi ukingo wa kitako huteleza chini ya kucha ya kuvutia ganda huku risasi ikijilaza sawasawa ndani ya chemba. Haya yote hutokea kwa muda mdogo sana, na kila hatua ina namna yake ya kuharibika.

Kichwa kikigota chini kwenye mteremko, pua ikielekea chini, shuku kwanza springi ya magazini iliyochoka, kwa sababu risasi haikuinuliwa kwa wakati kabla ya slaidi kuifikia. Kichwa kikisimama wima au kikigonga juu ya mdomo wa chemba, huenda midomo ya magazini imepanuka na kuiachia risasi mapema mno. Slaidi ikisimama ikiwa imebakiza milimita chache kufunga, sababu ziko nyingi: chemba yenye masizi, springi ya kurudisha slaidi iliyolegea, kucha inayobana kupita kiasi, au ganda lenyewe lililovimba. Na ukikuta ganda tupu likiwa bado chemba huku risasi mpya imeligonga kwa nyuma, hilo kwa kawaida ni tatizo la kutoa, si la kulisha, hata kama kwa haraka yanafanana. Hapo angalia kucha, springi yake, na uchafu uliojikusanya chini yake.

Magazini ndiyo mshukiwa wa kwanza, nami ningeshauri usiguse sehemu nyingine yoyote kabla ya kuimaliza hiyo. Andika namba chini ya kila magazini kwa rangi isiyofutika, kisha kila bastola inapokwama andika namba ya magazini iliyokuwemo na ilikuwa risasi ya ngapi. Hitilafu ikifuata magazini moja, umepata jibu bila kufungua chochote. Ikitokea kwa magazini zote, sasa una haki ya kuitilia shaka bastola au risasi. Tatizo linalojitokeza kwenye risasi za mwisho tu huelekeza kwenye springi iliyoishiwa nguvu. Linalojitokeza kwenye risasi ya kwanza ya magazini iliyojazwa pomoni huelekeza kwenye msukumo mkubwa unaoizuia slaidi kuivua risasi hiyo. Linganisha midomo ya magazini mbovu na ya magazini nzima chini ya mwanga mzuri, ukitafuta nyufa, mkunjo, au upande mmoja uliosimama juu kuliko mwingine, jambo ambalo hutokea zaidi magazini inapoangukia sakafu ngumu ikiwa imejaa. Usijaribu kuikunja midomo hiyo kwa koleo. Magazini ni kitu kinachochakaa kama tairi, ikishachoka hubadilishwa.

Mkono wa mpigaji nao huchangia. Kifundo kikilegea wakati wa kufyatua, fremu, yaani mwili wa chini wa bastola wenye mpini, hurudi nyuma pamoja na slaidi, slaidi ikakosa nguvu ya kukamilisha safari yake, na bastola nyepesi huathirika zaidi. Mpe mpigaji mwingine mwenye uzoefu bastola ile ile na risasi zile zile kabla ya kuagiza springi mpya.

Sasa tuje kwenye risasi yenyewe. Madhara yanayostahili kuogopwa zaidi ni kichwa kurudi ndani ya ganda. Kila kichwa kinapogonga mteremko kwa kishindo husukumwa nyuma kidogo, na mtu anayeitoa risasi ya chemba kila jioni na kuirudisha ile ile kila asubuhi huirudishia kipigo hicho siku baada ya siku. Nafasi ya baruti inapopungua, shinikizo hupanda ghafla wakati wa kufyatua, na linaweza kupasua ganda au kuvunja silaha. Risasi ya 9×19 mm kwa viwango vya Marekani haipaswi kuzidi urefu wa milimita 29.69, lakini kipimo hicho ni kikomo cha juu tu, na risasi nyingi za viwandani ni fupi kuliko hapo. Kwa hiyo usilinganishe na jedwali. Simamisha risasi unayoishuku kando ya risasi mpya ya boksi lile lile juu ya uso bapa, au ipime kwa kalipa, kifaa cha kupimia urefu kwa usahihi. Tofauti inayoonekana kwa macho inatosha kuistaafisha. Usijaribu kukivuta kichwa kirudi mahali pake, wala kukiminya zaidi.

Itazame risasi hiyo pia kwa kuizungusha polepole kati ya vidole. Mkwaruzo mwembamba kwenye shaba ya kichwa ni wa kawaida. Kichwa kilichobonyea upande mmoja, ganda lenye bonde au ufa, ukingo wa kitako uliochimbwa na kucha hadi ukaacha kijipembe cha shaba, au mdomo wa ganda uliochanika ni sababu za kuitenga, hasa mdomo, kwa kuwa risasi ya 9×19 mm hukaa chemba kwa kuegemea mdomo wa ganda lake. Risasi zilizoloa mafuta ziwekwe kando vilevile, maana mafuta yanayopenya yanaweza kufika kwenye fataki na kuidhoofisha.

Ukishuku kwamba maganda ni manene au risasi ni ndefu kupita chemba, hakikisha bastola ni tupu, ifungue kama kijitabu chake kinavyoelekeza, toa mtutu peke yake, usafishe, kisha udondoshe risasi ndani ya chemba kwa uzito wake. Inapaswa kuzama ikitoa mlio mfupi, izunguke bila kubanwa, na ianguke ukiupindua mtutu. Ikibanwa, zijaribu kadhaa za boksi hilo. Zikibanwa nyingi, boksi lote lisitumike katika bastola hiyo.

Majaribio ya kulisha nyumbani yafanywe kwa risasi bandia pekee, ukiiachia slaidi iruke mbele kwa nguvu ya springi yake, kwani kuisindikiza kwa mkono huzalisha hitilafu ambayo haikuwepo. Na kama magazini ni nzima, chemba ni safi, risasi ni za namna mbili tofauti na bado kichwa kinagota mahali pale pale, mpelekee fundi wa silaha bastola hiyo pamoja na zile namba ulizoandika. Kuchukua msasa na kuukwangua mteremko mwenyewe ni kazi isiyorudishika: pembe yake ikibadilika au ukila chuma cha mdomo wa chemba, ganda hubaki bila tegemeo upande wa chini, na dawa yake huwa ni mtutu mpya.