Kupima ombwe na kompresheni kwenye HiAce ya zamani kabla ya kufungua injini

HiAce ya kabureta yenye injini ya 1RZ, ile ya silinda nne na ujazo wa cc 1,998 inayokaa chini ya viti vya mbele, ikianza kukosa nguvu mlimani, kumisi na kutetemeka ikiwa sailensi (ikizunguka taratibu bila kukanyagwa mafuta), jibu la haraka gerejini huwa ni kwamba ringi za pistoni zimekwisha na injini ifunguliwe. Huenda ni kweli. Hata hivyo, dalili hizohizo huletwa na valvu iliyoungua, gasketi ya silinda hedi iliyokatika, cheni ya taimingi iliyoruka jino, au mpira wa bei ndogo uliochanika. Geji mbili, moja ya ombwe (nguvu ya injini kuvuta hewa) na nyingine ya kompresheni (shinikizo la hewa inayobanwa ndani ya silinda), zinaweza kutenganisha makosa hayo kabla boliti hata moja ya hedi haijalegezwa.

Anza na geji ya ombwe, kwa sababu haikudai kufungua zaidi ya mpira mmoja. Acha injini ipate joto lake la kawaida, kisha unganisha geji kwenye tundu la manifoldi ya hewa lililo chini ya kipepeo cha kabureta, kile kibati kinachofunguka unapokanyaga mafuta. Usitumie kitundu kinachopeleka ombwe kwenye distribyuta, kwani kwenye kabureta nyingi kipo juu ya kipepeo, na injini ikiwa sailensi geji itasoma karibu na sifuri hata kama hakuna kilichoharibika. Kwenye usawa wa bahari, injini nzima husoma inchi 17 hadi 22 za zebaki, na mshale hutulia.

Kipimo hicho ni cha Dar es Salaam na Mombasa. Kila mita 300 za kupanda hupunguza takriban inchi moja, kwa hiyo gari lililosoma 19 pwani litasoma 13 au 14 likifika Mbeya au Nairobi, miji iliyo takriban mita 1,700 juu ya bahari, bila kuwa na ubovu wowote. Kompresheni nayo hushuka: silinda iliyotoa psi (pauni kwa inchi ya mraba) 165 pwani itatoa takriban 135 huko juu. Fundi anayelinganisha namba za kitabu na namba za mlimani bila kufanya hesabu hii atafungua injini isiyo na kosa.

Baada ya namba, tazama jinsi mshale unavyokwenda, maana hapo ndipo geji hii inapoeleza mengi. Mshale uliotulia lakini uko chini kwa inchi chache huelekeza kwenye moto wa plagi uliochelewa, cheni ya taimingi iliyoruka, au hewa inayoingia mahali fulani. Mshale unaodondoka kwa mdundo uleule, kana kwamba unahesabu, huonyesha silinda moja isiyofanya kazi yake, na mara nyingi ni valvu isiyofunga, ingawa plagi iliyokufa pia huweza kuudondosha. Ukitetemeka haraka kwenye sailensi kisha ukatulia unapokanyaga mafuta, shuku gaidi za valvu, yaani mirija inayoongoza shina la valvu, zilizolika. Ukishikilia injini kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika na mshale ukawa unashuka polepole, kagua egzosi kama imeziba.

Ukishuku hewa inayoingia, bana mipira kwa koleo laini, mmoja baada ya mwingine, huku ukiangalia geji. Ninaanza na mpira mnene wa busta ya breki, kwa sababu huchanika upande wa chini, palipo na klipu, mahali ambapo macho hayafiki mpaka uupindue. Kwenye gari moja lililokuwa tayari limepangiwa kufunguliwa hedi, mshale ulisimama kwenye 12. Nilipoubana mpira huo ulipanda hadi 18 na injini ikaacha kutetemeka papo hapo. Kwa gasketi ya manifoldi, nyunyiza maji kidogo kwenye maungio na usikilize kama mlio unabadilika. Wapo wanaonyunyiza petroli, jambo ambalo ni hatari popote na ni wazimu kwenye injini iliyo ndani ya gari, chini ya kiti.

Ombwe likionyesha kosa la silinda, ndipo upime kompresheni. Injini iwe ya moto na betri iwe imejaa, kwa sababu stata inayozunguka kwa uvivu hupunguza namba zote nne. Toa plagi zote, chomoa waya mwembamba unaopeleka umeme kwenye koili, na mwenzako akanyage mafuta hadi mwisho wakati wa kupiga stata, la sivyo silinda hazitapata hewa ya kutosha. Hesabu mapigo matano au sita kwa kila silinda, na uandike usomaji wa pigo la kwanza pamoja na wa mwisho. Ringi zilizolika huanza chini na kupanda kidogo kidogo kila pigo; valvu inayovuja huanza chini na kubaki hukohuko.

Tuseme umepata 165, 160, 95 na 162. Silinda ya 3 imepita mbali tofauti ya asilimia 10 hadi 15 inayoweza kuvumiliwa. Tia kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi yake, zungusha, upime tena. Ikipanda hadi 140, hewa ilikuwa ikipita kwenye ringi. Ikibaki karibu na 95, tatizo liko kwenye valvu au gasketi. Kama silinda mbili zinazopakana zingekuwa chini kwa pamoja, ningeishuku gasketi iliyokatika kati yake kabla ya kitu kingine.

Mwenye kompresa anaweza kuthibitisha kwa sikio. Weka pistoni ya silinda hiyo juu kabisa, valvu zote mbili zikiwa zimefunga, simama mbali na mkanda wa feni kwa sababu injini inaweza kuzunguka yenyewe, kisha ingiza hewa polepole kupitia tundu la plagi. Hewa ikisikika kwenye kabureta, valvu ya kuingiza inavuja. Kwenye bomba la egzosi, ni valvu ya moshi. Kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi. Na maji ya rejeta yakitoa mapovu, ni gasketi au hedi yenye ufa.