Edelweisi Haitaki Samadi

Mkulima mzoefu akiona mche umedumaa hukimbilia samadi. Ukilima edelweisi (Leontopodium nivale), ua jeupe la milimani, huko Uswisi, Austria au kusini mwa Ujerumani, acha mazoea hayo.

Kwao ni kwenye miamba ya chokaa ya Alps, milima mirefu ya Ulaya, mita 1,800 hadi 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako udongo ni ule mchache ulionasa kwenye nyufa. Weupe unaousifia si petali. Ni majani yenye manyoya mazito, na maua yenyewe ni vile vichwa vidogo vya manjano vya katikati. Manyoya hukinga mmea dhidi ya jua kali na upepo unaokausha. Ukiulisha naitrojeni na kuumwagilia kila siku, hauoni sababu ya kuvaa koti: unarefuka, unalala, unageuka kijani, na mnunuzi hautaki.

Andaa tuta lililoinuka, kokoto na mchanga vikizidi udongo, mahali penye jua kutwa. Udongo wenye tindikali urekebishe kwa chokaa.

Mbegu ni ndogo mno. Changanya na mchanga mkavu zisirundikane. Zimwage juu ya trei mwishoni mwa baridi, uzigandamize kidogo kwa kiganja, na usizifukie, kwani huhitaji mwanga ili ziote. Kuziweka kwanza kwenye friji wiki tatu au nne zikiwa na unyevu huzisaidia kuota kwa pamoja. Miche ihamishie shambani jalidi (baridi kali inayogandisha) ya Mei ikishapita, sentimita 25 kati ya mche na mche, kisha zungushia kokoto shingoni mwa kila mmoja, yaani pale shina linapotokea udongoni.

Hizo kokoto usizidharau. Wengi huogopa theluji, kumbe theluji ni blanketi tu. Kinachoua ni maji yanayotuama shingoni wakati wa baridi. Shina likilegea na kuwa jeusi, ng'oa, halitapona. Konokono nao wawinde jioni.

Usichimbue miche ya mlimani. Mmea huu unalindwa kisheria sehemu nyingi za Alps, na wa porini ukihamishwa hufa upesi. Nunua mbegu za kitalu. Kwa wanaouza kwa viwanda vya vipodozi, watafiti wa Uswisi walitoa aina ya Helvetia, inayolimwa Valais, jimbo la Uswisi.

Mavuno ya maana huanza mwaka wa pili. Kata asubuhi umande ukishakauka, anika kivulini penye hewa. Mmea hauishi miaka mingi, kwa hiyo kila mwaka otesha trei nyingine ya kujazia mapengo.