Jinsi ya kwenda kafe ya mtaani na rafiki yako mkanywa, mkala vitamu na msiumie mfukoni

Kabla hujafikiria keki wala kahawa, malizeni kwanza suala la nani analipa. Hapa Dar ukimwambia mtu "twende nikutoe" au "njoo nikununulie kahawa", hiyo hela ushatoa, hata kama wewe ulimaanisha mkutane tu. Mwenzio atakuja na nauli yake, atakaa, atafungua menyu ukurasa wa keki na ataagiza kwa amani. Hana kosa, umemwalika. Kwahiyo meseji yako iwe wazi tangu mwanzo, na kuna namna ya kuiandika bila kuonekana bahili: "Shosti, Jumamosi saa kumi tukutane Mikocheni, kahawa juu yangu keki juu yako." Au kama hali ngumu, "kila mtu ajilipie, nimekumiss tu". Mtu akisoma hiyo anajua abebe nini, na kama mwezi huu hayuko vizuri atasema tuahirishe, badala ya kuja kuagiza maji madogo na kusema hana njaa huku macho yake yameganda kwenye friji ya keki.

Alafu chagueni sehemu. Mi sina tatizo na kijiwe cha kahawa, tena kile kikombe kidogo cha kahawa chungu na kipande cha kashata hakuna kafe inayokishinda kwa bei, ila kijiwe ni benchi la wanaume na mada ni Simba na Yanga, ukienda na shosti wako mkitaka kuongelea mambo ya ndoa au kazi mtaa mzima utachangia. Kafe unayoitaka ni ile ndogo, meza chache, viti vya kukalika (sio vile virefu vya chuma vya kupiga picha), kelele za muziki ziko chini na mhudumu hakuletei bili kabla hujamaliza. Na iwe katikati yenu. Mmoja akiwa Kimara na mwingine Msasani msikutane Masaki eti kwa sababu ndo kuzuri, huyo wa Kimara atapanda mwendokasi, atashuka Morocco, achukue bajaji, akifika kachoka na nusu ya stori itakuwa foleni.

Siku moja ukiwa unapita ingia tu uangalie. Mambo matatu mi huwa naangalia: choo, friji ya keki, na kama wana jenereta. Hili la jenereta watu wanalipuuza, lakini mashine ya espreso bila umeme ni chuma tu, kwahiyo umeme ukikatika menyu nzima inabaki soda na juisi, na feni nazo zimelala. Choo sina haja ya kueleza.

Muda mzuri kwa maoni yangu ni saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni. Watu wa mchana washaondoka, wa usiku bado, na wale wenye laptopu waliokalia meza ya watu wanne kwa kikombe kimoja wanaanza kufunga. Ukitaka kroasanti na vitu vya unga vilivyotoka kwenye oveni nenda asubuhi, jioni unakuta vilivyobaki. Kama rafiki yako anafunga basi mwezi wa Ramadhani msimpangie saa kumi, mpelekeni baada ya futari, na kama mko Zanzibar ndo kabisa, mchana wa Ramadhani sehemu nyingi za kula zinafungwa. Na kama mmoja wenu usingizi wake ni wa shida, kafeini inakaa mwilini muda mrefu, kwa wastani kama saa tano hivi ndo nusu yake inakuwa imetoka, maana yake kikombe cha saa kumi jioni, saa tatu usiku bado nusu ya nguvu yake unatembea nayo. Huyo aagize chokoleti ya moto au chai ya tangawizi isiyo na majani ya chai, apumzike.

Sasa vinywaji, maana hapa ndo watu wanaogopa kuuliza wanaishia kuonyesha kidole kwenye menyu. Karibu kila kitu kinaanza na espreso, ile kahawa nzito ya mililita kama 30 inayokamuliwa kwa presha, inachukua nusu dakika tu. Ukiongezea maji ya moto ni amerikano, inakaribiana na kahawa nyeusi tuliyozoea. Ukiitia kijiko cha povu la maziwa ni makiato. Ukiitia maziwa ya moto na povu la kutosha ni kapuchino, na maziwa yakiwa mengi zaidi na povu jembamba ni late. Basi, hayo mengine yote ni sirapu na majina. Kama hujazoea uchungu anza na late, ukizoea rudi nyuma taratibu.

Kitu kimoja kinachogombanisha wateja na wahudumu kila siku: sisi tumekulia kwenye chai ya maziwa iliyochemka mpaka ikapanda sufuria, kwahiyo kapuchino ikija mtu anagusa kikombe anasema "mbona imepoa, nirudishie". Haijapoa. Maziwa ya kapuchino yanapashwa kwenye nyuzi 60 hadi 65 hivi makusudi, hapo ndo yanakuwa na utamu wake, yakipitishwa sana povu linavunjika na ule utamu unapotea, unabaki na harufu ya maziwa yaliyoungua. Ukitaka ya moto sana sema wakati wa kuagiza, watakufanyia, ila jua unachokipoteza.

Ulizeni pia kahawa imetoka wapi, swali la bure hilo. Arabika yetu inalimwa Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Songwe, Mbinga huko Ruvuma, na Kagera ndo nyumbani kwa robusta, ambayo ni chungu zaidi na kafeini yake ni nyingi kuliko arabika. Kwa Wahaya wa huko Kagera kahawa hata haisubiri maji, mgeni anakaribishwa na buni zilizokaushwa za kutafuna. Mhudumu akijua jibu na akalijibu kwa raha, agiza kwa amani. Akijibu "ya kawaida tu" agiza juisi. Natania kidogo, lakini sio sana.

Asiyependa kahawa asilazimishwe. Rosela ya baridi, juisi ya ukwaju, chai ya maziwa yenye viungo, vyote viko sehemu nyingi. Ninachokataa ni kulipa elfu tano kwa kikombe cha maji ya moto na kijifuko cha majani pembeni, hicho unacho kwenu.

Kwenye vitamu usichague kwa menyu, inuka uende kwenye friji ya vioo. Angalia ule upande wa keki uliokatwa na kisu, sio juu kwenye mapambo. Ukiona umekauka, umepauka, krimu pembeni imeanza kupasuka mistari midogo kama udongo wa kiangazi, hiyo imelala hapo siku mbili tatu. Keki nzuri ukingo wake unang'aa kidogo kwa unyevu. Na uliza bila aibu, "ipi imeokwa leo?", wahudumu wengi watakwambia ukweli kwa sauti ya chini, haswa kama meneja yuko mbali.

Agizeni viwili tofauti mgawane nusu kwa nusu, vipande vya kafe ni vikubwa na vina sukari, ukimaliza wako peke yako unakinai. Mpangilio wangu ni huu: kinywaji kichungu na kitu kitamu, kinywaji kitamu na kitu kisicho na sukari sana. Brauni na amerikano zinaenda. Keki ya karoti na kapuchino zinaenda. Moka (late iliyotiwa chokoleti) yenye krimu juu pamoja na keki ya chokoleti, hapo mtashikwa na usingizi mezani. Mkiona afogato jaribuni, ni aiskrimu ya vanila inamwagiwa espreso ya moto juu yake, ila hiyo haisubiri picha, dakika mbili tu imekuwa supu. Na mahali wanapouza faluda, ile ya glasi ndefu yenye sharubati ya waridi, tambi, mbegu zilizovimba na aiskrimu juu, moja inawatosha wawili na hamna haja ya kuagiza kinywaji kingine.

Kabla ya kumwagizia mwenzio kwa mshtukizo, jua anachokula. Tiramisu, ile keki laini ya krimu na kahawa, sehemu nyingine inawekwa ramu au mvinyo. Chizikeki ya baridi isiyookwa mara nyingi inagandishwa kwa jelatini, ambayo inatengenezwa kutokana na wanyama, inaweza kuwa ng'ombe inaweza kuwa nguruwe, kwahiyo kwa rafiki Muislamu muulize mpishi kwanza, asipojua hamieni kwenye chizikeki ya kuokwa baada ya kuuliza vilevile, au keki ya kawaida. Mwenye tumbo linalogoma na maziwa kuna kafe zina maziwa ya soya au ya oti (oats) lakini wanaongeza bei, muulize ni kiasi gani kabla.

Bili. Angalia chini kabisa ya menyu kwenye yale maandishi madogo kama bei zina VAT ndani au wanaongeza mwisho, maana asilimia 18 sio mchezo. Chukulia late mbili za elfu saba saba na keki ya elfu 12, ni elfu 26, ukiongezewa VAT inakuwa 30,680, na wewe ulikuja na elfu 30 kwenye pochi. Wengi wanapokea kwa lipa namba, lakini soma jina linalotokea kwenye simu kabla hujaweka namba ya siri, liwe la hiyo kafe, na dai risiti, TRA wenyewe wanaimba kila siku ukinunua dai risiti. Kama mnachangia, mmoja alipe yote mwingine amtumie pale pale mkiwa mmekaa. "Ntakutumia nikifika" imeua urafiki mwingi mjini hapa.

Simu pigeni picha zenu, haraka, kabla povu halijashuka, alafu zigeuzwe kifudifudi. Mkikaa zaidi ya saa moja na nusu na watu wamesimama mlangoni wanatafuta meza, agizeni kitu kingine au muachie nafasi, kafe ndogo inaishi kwa zile meza tano sita. Mhudumu aliyewavumilia na maswali yote hayo ya jelatini na kahawa ya wapi muachieni elfu moja au mbili mkononi.

Mkibakisha, ombeni boksi, hamna aibu. Brauni na keki kavu zinafika mpaka Mbagala salama. Chizikeki na chochote chenye krimu ndani ya daladala ya saa kumi na mbili jioni na joto hili, hapana, hizo malizieni hapo hapo mezani.