Kukokotoa umbali na muda wa ndege kutoka Resolute hadi Grise Fiord

Mdogo wangu ni muuguzi Kanada. Alipopata mkataba wa muda Grise Fiord, kijiji cha raia kilicho kaskazini kuliko vyote nchini humo, aliniuliza: kutoka Resolute, kijiji kingine cha huko kaskazini, ni mwendo gani? Barabara hakuna, vijiji vya Nunavut, eneo la kaskazini mwa Kanada vilipo vijiji hivyo viwili, haviunganishwi kwa barabara. Hesabu hii ilinilia jioni nzima.

Hatua 1. Andika latitudo na longitudo kwa desimali. Resolute ni 74.70 kaskazini, 94.83 magharibi, Grise Fiord ni 76.42 na 82.90. Ukizikuta kwa dakika, gawa dakika kwa 60: nyuzi 76 na dakika 25 ni 76.42, si 76.25.

Hatua 2. Toa. Tofauti ya latitudo ni 1.72, ya longitudo 11.93.

Hatua 3. Hapa nenda taratibu. Latitudo ni rahisi: 1.72 × 111 ni kilomita 191. Longitudo ndiyo mtego. Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea kwamba nyuzi moja ni kilomita 111 kila upande, na kwetu ni kweli. Lakini mistari ya longitudo husogeleana kadiri unavyopanda, mpaka ikutane kwenye ncha. Kule juu nyuzi moja ya longitudo haifiki hata kilomita 30. Kwa hiyo lazima uzidishe pia kwa kosaini ya latitudo ya katikati, 75.56, ambayo ni 0.249. 11.93 × 111 × 0.249 ni kilomita 330.

Mimi nilijua kanuni hiyo, bado nikapata umbali wa jumla wa kilomita 1,320! Nilirudia mara nne. Kumbe kikokotoo kilikuwa kwenye RAD (radiani) badala ya DEG (nyuzi), na kosaini ya 75.56 kwa RAD ni 0.987, namba isiyotia shaka hata kidogo. Jaribu kwanza kosaini ya 60. Isipotoka 0.5, usiendelee.

Na tafadhali usipime kwa rula kwenye ramani bapa ya ukutani. Ramani ya Mercator huvuta latitudo hizo karibu mara nne.

Hatua 4. Pythagoras: 191 na 330 vinatoa kilomita 381.

Hatua 5. Njia hiyo hurukwa na Twin Otter, ndege ndogo ya pangaboi inayomudu viwanja vifupi vya kokoto. Chukua kilomita 270 kwa saa: saa 1.41, yaani saa moja na dakika 25. Upepo wa mbele wa kilomita 40 kwa saa huifanya saa moja na dakika 39. Ongeza robo saa ya kupaa na kutua.

Ukungu na upepo vinaweza kuizuia ndege siku kadhaa. Nilimsihi asikate tiketi ya kuondoka Resolute kwa siku ileile anayotarajia kutua kutoka Grise Fiord.