Masta ya uchumi wa siasa ya kimataifa Uingereza: soma hii kabla hujajaza fomu

Jamani wengi mnaniuliza inbox, naandika mara moja. Angalia kwanza jina la kozi, LSE (chuo cha uchumi na siasa cha London) mfano wana MSc International Political Economy mbili, ya kawaida na ya Research (utafiti), hiyo ya pili wanakubana zaidi kwenye methodolojia, yani takwimu, mahojiano, namna ya kujenga swali la utafiti. Unawaza PhD? Chukua hiyo. Unataka kurudi wizarani tu, ya kawaida inatosha kabisa.

Barua ya maombi ndo wengi wanapoangukia. Usianze na "tangu utotoni nimependa siasa", wameshazisoma hizo mpaka zimewachosha. Anza na swali, mfano Zambia ilishindwa kulipa Eurobond (bondi za dola ilizowauzia wawekezaji wa nje) Novemba 2020 na ikaja kumalizana na wenye hizo bondi 2024, sasa nani alikuwa anamkwamisha nani, China, IMF au hao wenye bondi? Halafu sema data utaitoa wapi, hapo mwalimu anakaa vizuri kwenye kiti.

Hela: Chevening (ufadhili wa serikali ya Uingereza) wanataka uzoefu wa kazi miaka 2, unachagua kozi 3, ukimaliza unarudi nyumbani angalau miaka 2. Wadhamini wa kukuandikia barua za mapendekezo watafute mapema, maprofesa wetu mnawajua kwa kuchelewesha barua.