Manjano Jikoni na Katika Sabuni ya Nyumbani

Mtu aliyewahi kusugua kwa sabuni doa la mchuzi kwenye shati jeupe ameona rangi ya njano ikigeuka nyekundu papo hapo. Rangi ya kiungo cha manjano hutokana na kemikali iitwayo kurkumini, ambayo hubadilika inapokutana na alkali, yaani kinyume cha asidi, na sabuni ina alkali. Kemikali hiyo pia huyeyuka vizuri katika mafuta lakini si katika maji, na hupauka ikikaa juani. Anayezielewa tabia hizi tatu atayatumia manjano kwa mafanikio kwenye sufuria ya mchuzi na kwenye kalibu ya sabuni.

Ninashauri usage manjano yako mwenyewe, kwa sababu unga unaouzwa tayari ni rahisi kuchanganywa na vitu vingine. Mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba nchini Bangladesh baadhi ya manjano yalitiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae. Sokoni chagua vidole vya manjano, yaani vipande vya mzizi wake, vilivyo vigumu na visivyo na ukungu, ambavyo ukikivunja kimoja ndani kina rangi ya machungwa iliyokolea. Vioshe udongo wote, vichemshe kwa dakika 45 hivi hadi kijiti kipenye bila shida, kisha uvikate vipande vyembamba na kuvianika chini ya kitambaa chepesi. Vimekauka pale kipande kinapokatika kwa mlio badala ya kupinda. Vitwange au uvisage, uchekeche, na uhifadhi unga katika chombo kisichopitisha mwanga.

Katika mapishi, kosa la kawaida ni kutia manjano mwishoni, wakati mchuzi umeshajaa maji, ambapo huacha ladha ya udongo na rangi isiyoshika. Kwa mchuzi wa watu sita, kaanga vitunguu hadi vilainike, tia kitunguu saumu na tangawizi, kisha kijiko kimoja cha chai cha manjano, ukoroge kwa moto mdogo kwa muda wa dakika moja. Yasiungue, kwa maana yakiungua huwa machungu. Hapo ndipo nyanya zifuate, kisha tui jepesi na samaki, na tui zito liingie mwisho. Urojo wa Zanzibar nao hupata rangi yake kwa manjano, na ukali wake kwa maembe mabichi au ndimu. Katika pilau siyatii kabisa, kwani rangi ya pilau inapaswa kutoka kwenye vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa kahawia.

Sabuni inahitaji uangalifu mkubwa zaidi. Inayotumika ni kostiki soda, wala si magadi ya kupikia, na vipimo vyote ni vya uzito kwa mizani ya kielektroniki. Chukua gramu 300 za mafuta ya nazi, gramu 400 za mawese yaliyosafishwa na gramu 300 za mafuta ya alizeti. Kwa mchanganyiko huo utahitaji gramu 144 za kostiki na gramu 300 za maji baridi. Ukibadilisha aina ya mafuta, kiasi cha kostiki lazima kikokotolewe upya. Vaa glavu na miwani, fanya kazi penye hewa, watoto wakiwa mbali. Mimina kostiki ndani ya maji kidogo kidogo, wala usimwage maji juu ya kostiki, kwa sababu yanaweza kuchemka ghafla na kukurukia. Usitumie sufuria ya alumini, ambayo huliwa na kostiki na kutoa gesi inayoweza kulipuka. Tumia chuma cha pua au ndoo ya plastiki nzito inayostahimili joto. Tone likikugusa ngozi, osha mara moja kwa maji mengi yanayotiririka.

Koroga vijiko viwili vya chai vya manjano ndani ya mafuta yenye uvuguvugu. Maji ya kostiki na mafuta vikishapoa hadi nyuzi joto 40 hivi, changanya polepole. Utaona njano ikigeuka nyekundu ya matofali, nawe usishtuke, kwa kuwa itafifia kuelekea njano kadiri sabuni inavyokomaa. Endelea kukoroga hadi iwe nzito kama uji mwepesi, na tone likiangushwa juu liache alama, kisha mimina kwenye kalibu iliyotandikwa karatasi. Usizidishe manjano, la sivyo povu litatia doa taulo. Wala usimwahidi mnunuzi kwamba sabuni hii hutibu chunusi au hung'arisha ngozi kama anavyotarajia kwa singo, ule mchanganyiko wa kusugulia ngozi, kwani kostiki huivunja sehemu ya kurkumini.

Baada ya saa 24 hadi 48, kata vipande ukiwa bado umevaa glavu, uvipange kwenye rafu yenye hewa na kivuli kwa wiki 4 hadi 6. Vikiwa tayari, vifunge kwa karatasi badala ya nailoni inayoonyesha ndani, maana sabuni inayokaa dirishani hupauka upande ule unaopigwa na mwanga.