Kabla hujaenda kupima kolestro

Kwanza uliza pale maabara kama wanataka ufunge, maana siku hizi wengine wanapima hata ukiwa umekula, wengine wanataka masaa 9 mpaka 12. Ukiambiwa ufunge, kula saa 2 usiku, kesho yake saa 2 asubuhi uwe pale. Maji kunywa. Chai ya sukari sio maji, ya maziwa ndo kabisaa. Pombe acha siku nzima kabla, inapandisha traigliseraidi, yaani mafuta mengine ya kwenye damu yanayopimwa pamoja na kolestro. Kama umetoka kuumwa homa kali subiri wiki kadhaa, kolestro inashuka mtu akiumwa. Mjamzito sema mapema, yeye inapanda yenyewe.

Sasa hili la namba someni taratibu. Bamkubwa wangu anakaa Ngamiani, alipima hapahapa Tanga kolestro ya jumla ikatoka 5.1, akaambiwa uko sawa mzee. Miezi minne baadae yuko Dar kwa mwanawe wakampima kule, karatasi ikaandika 197. Akanitumia picha, na mimi bila kuangalia mbele ya namba pameandikwa nini nikamjibu bamkubwa imepanda mno, kutoka 5 mpaka 197!

Mzee akarudi kanyamaza. Akaacha nazi, akaacha samaki, akaacha na wali, ikawa mchicha wa kuchemsha na kipande cha muhogo, wiki tatu, mamkubwa anambembeleza hataki, akaanza kuita watoto mmojammoja kuwaeleza habari za shamba la Pongwe nani achukue wapi. Asubuhi moja akaanguka uani, tukampakia kwenye bajaji mbio hospitali. Daktari akaziweka karatasi mbili pamoja, akatoa simu akapiga hesabu, 5.1 mara 38.67. Ikaja 197. Ni kitu kilekile! Ile ya Tanga iliandikwa kwa kipimo cha mmol/L, ya Dar kwa kipimo kingine, mg/dL. Bamkubwa hakunisema, aliniangalia tu, na mpaka leo roho inaniuma.

Kwahiyo angalia yale maandishi madogo. Kolestro ukitaka kutoka mmol/L kwenda mg/dL zidisha kwa 38.67, traigliseraidi kwa 88.57, usichanganye. Jumla chini ya 5.2 mmol/L, yaani 200 mg/dL, kwa kawaida huhesabiwa iko sawa, ila jumla peke yake haitoshi, kuna LDL, ile kolestro mbaya, inayotakiwa iwe chini na HDL, ile nzuri, ambayo ikiwa chini sana ndo tatizo, na daktari anaangalia na presha, sukari, sigara, umri wako.

Karatasi ya zamani nenda nayo, ukiweza rudi maabara ileile. Dawa za kolestro kama unatumia usiache bila kuambiwa na daktari, na usimeze za jirani, na hizo za kusafisha mishipa zinazotembezwa stendi achana nazo, na mzee wako akikutumia picha ya majibu usimjibu kitu mpaka uione karatasi nzima, ikikatika pembeni mwambie apige tena.